Asmaa binti Umays: Mjane aliyeachiwa sunna ya kuwaliwaza wafiwa

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, ambaye mikononi mwake umo uhai wetu na mauti yetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake, Maswahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu katika imani, wiki hii tumeona ni vyema tuelekeze mazungumzo yetu kwenye jambo ambalo hakuna nyumba litakaloipita, nalo ni kufiwa. Kilichotusukuma ni msiba mmoja tuliouhudhuria. Aliyefariki alikuwa kijana, ameacha mke na watoto wadogo. Tulipokwenda kuhani tulimkuta mjane yule amekaa mkekani, lakini kila baada ya muda mfupi alikuwa akinong'onezwa sikioni: mchele umepungua, kuni zimekwisha, wageni wa kutoka shamba bado hawajala. Baadaye tukapata habari kwamba mchele ule na nyama ile vilichukuliwa kwa mkopo katika duka la mtaani, na kwamba mama huyo alitoka eda akiwa na deni ambalo hakulila yeye wala watoto wake.

Tulijiuliza: hivi ndivyo tulivyofundishwa? Jibu tulilipata katika maisha ya mwanamke mmoja miongoni mwa Maswahaba, ambaye nyumba yake ndiyo iliyokuwa sababu ya umma huu kufundishwa namna ya kuwatendea wafiwa. Mwanamke huyo ni Asmaa binti Umays, Allah amuwie radhi.

Asili yake na kusilimu kwake

Asmaa alitokana na kabila la Khath'am. Mama yake, Hind binti Auf, alibarikiwa kupata mabinti ambao historia ya Kiislamu haiwezi kuandikwa bila ya wao. Maimuna binti Harith, mama wa Waumini na mke wa Mtume (SAW), alikuwa dada yake kwa upande wa mama. Ummul Fadhl, mke wa Abbas ami yake Mtume (SAW), naye alikuwa dada yake kwa mama. Salma binti Umays, aliyeolewa na Hamza bin Abdulmuttalib, simba wa Allah aliyeuawa katika vita vya Uhud, alikuwa dada yake wa baba na mama.

Asmaa alisilimu mapema sana, kabla Mtume (SAW) hajaanza kufundisha katika nyumba ya Arqam mjini Makka. Aliolewa na Jaafar bin Abi Talib, mtoto wa ami yake Mtume (SAW) na ndugu yake Ali. Jaafar alikuwa mtu ambaye Mtume (SAW) alimshuhudia kuwa anafanana naye kwa umbile na kwa tabia. Alikuwa pia mwenye huruma kubwa kwa masikini. Akikaa nao, akizungumza nao na kuwalisha alichonacho, hata akapewa lakabu ya Baba wa Masikini.

Miaka ya ugenini Uhabeshi

Mateso ya Maquraishi yalipozidi, Jaafar na mkewe walikuwa miongoni mwa Waislamu waliovuka bahari kwenda Uhabeshi, nchi ya jirani zetu hawa wa upande wetu wa Afrika. Huko ndiko Jaafar aliposimama mbele ya mfalme Najashi na kuueleza Uislamu kwa ufasaha na adabu, mpaka mfalme yule akakataa kuwarudisha wakimbizi kwa maadui zao.

Sisi huisoma habari hiyo kwa fahari, lakini ni mara chache tunakumbuka upande wa mke. Asmaa aliishi ugenini kwa zaidi ya miaka kumi. Alizaa huko watoto watatu wa kiume, Abdallah, Muhammad na Aun, bila ya mama wala dada wa kumshika mkono. Aliiona nchi ile na mila zake, akajifunza mambo ambayo baadaye, kama tutakavyoona, yalikuja kuwafaa Waislamu wa Madina katika saa yao ya huzuni.

Mwaka wa 7 Hijria (628) Jaafar na wenzake walirejea kwa jahazi mbili, wakamkuta Mtume (SAW) Khaibar, ambayo ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mtume (SAW) alifurahi mno. Alimkumbatia Jaafar na kumbusu baina ya macho yake, akaeleza kwamba hajui lipi linalomfurahisha zaidi, kufunguliwa kwa Khaibar au kuja kwa Jaafar.

Tukio moja la siku hizo latuonesha Asmaa alikuwa mwanamke wa namna gani. Alikwenda kumzuru Hafsa, mama wa Waumini, na Umar bin Khattab akaingia. Umar alipomjua mgeni ni nani alimwambia kwamba wao wa Madina wamewatangulia katika Hijra, hivyo wana haki zaidi kwa Mtume (SAW). Asmaa hakunyamaza. Alimjibu kwa ghadhabu kwamba wao wa Madina walikuwa pamoja na Mtume akimlisha mwenye njaa wao na kumfundisha asiyejua, ilhali wenziwao walikuwa katika nchi ya mbali, wakiudhiwa na kuingiwa na hofu kwa ajili ya Allah na Mtume wake. Akaapa kwamba hatakula wala kunywa mpaka amfikishie Mtume (SAW) maneno hayo bila ya kuyaongeza wala kuyapindisha. Mtume (SAW) alipoyasikia, alihukumu kwamba Umar na wenzake wana Hijra moja, na watu wa jahazi wana Hijra mbili. Hadithi hii imo katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Watu wa jahazi, akiwemo Abu Musa Al-Ash'ari, walikuwa wakimjia Asmaa makundi kwa makundi ili awasimulie tena na tena bishara ile.

Habari kutoka Muuta

Furaha ya Madina haikutimia miaka miwili. Katika mwezi wa Jumadal Ula mwaka wa 8 Hijria (629), Mtume (SAW) alipeleka jeshi la watu 3,000 kuelekea Sham. Aliweka makamanda watatu kwa kufuatana: Zaid bin Haritha, akiuawa ashike Jaafar bin Abi Talib, naye akiuawa ashike Abdallah bin Rawaha. Walikutana na jeshi la Warumi na washirika wao wa Kiarabu katika mahali paitwapo Muuta, ambapo leo ni katika nchi ya Jordan. Maadui walikuwa wengi kuliko wao kwa kiasi kikubwa.

Zaid aliuawa, Jaafar akaishika bendera. Imepokewa kwamba alikatwa mkono wa kulia, akaishika kwa wa kushoto. Akakatwa na huo, akaikumbatia kwa mabaki ya mikono yake mpaka akauawa. Abdallah bin Umar, aliyekuwepo, alieleza kwamba walipouhesabu mwili wake walikuta majeraha mengi ya mikuki na panga, na katika mapokezi mojawapo hesabu ilipindukia 90, na yote yalikuwa upande wa mbele.

Siku hiyo hiyo, kabla mjumbe hajafika, Mtume (SAW) aliwapa watu wa Madina habari za kuuawa kwa makamanda hao watatu, mmoja baada ya mwingine, huku macho yake yakitiririka machozi.

Na nyumbani kwa Jaafar hali ilikuwaje? Asmaa mwenyewe ndiye aliyeisimulia siku hiyo. Alikuwa amekwisha kushughulikia ngozi zake alizokuwa akizitengeneza, amekanda unga wake, amewaosha watoto wake, amewapaka mafuta na kuwatakasa. Kwa ufupi, ilikuwa ni nyumba ya kawaida, asubuhi ya kawaida, ya mke anayemsubiri mumewe. Mtume (SAW) akaingia, akamtaka amletee watoto wa Jaafar. Alipoletewa aliwavuta kwake, akawanusa, na machozi yakamtoka. Asmaa akatambua. Akamuuliza kama kuna habari yoyote iliyomfikia kuhusu Jaafar na wenzake, naye akamjulisha kwamba wameuawa siku hiyo.

Asmaa akainuka akalia kwa sauti, na wanawake wakamkusanyikia.

Tunaomba wasomaji wetu watue kidogo hapa. Kiongozi wa umma, ambaye siku hiyo yeye mwenyewe amefiwa na mtoto wa ami yake, na Zaid aliyemlea, na sahibu yake Ibn Rawaha, hakutuma mtu. Alikwenda kwa miguu yake. Hakuanza kwa hotuba ndefu ya subira. Alianza kwa kuwakumbatia watoto. Na hakuyaficha machozi yake, wala hakuona kwamba machozi yanapingana na kuridhika na hukumu ya Allah. Ndiyo maana wanavyuoni wetu wakapambanua: kulia kwa jicho na kuhuzunika kwa moyo hakuna makosa, na Mtume (SAW) alimlilia pia mwanawe Ibrahim, linalokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga makelele ya kupinga hukumu, kujipiga mashavu na kuchana nguo.

Chakula cha watu wa Jaafar

Alipotoka kwa Asmaa, Mtume (SAW) alikwenda kwa watu wake akawaamrisha wawatengenezee chakula watu wa nyumba ya Jaafar, kwa sababu wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Wameipokea habari hii Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah.

Angalieni hekima yake. Ule unga uliokandwa asubuhi ulibaki pale pale. Nani angeuoka? Mfiwa husahau njaa yake mwenyewe, sembuse ya watoto wake. Lakini watoto hawasahau njaa. Hivyo jukumu la jiko likahamishwa kutoka nyumba ya msiba likapelekwa kwa jamaa na majirani. Hiyo ndiyo sunna iliyotufikia kupitia nyumba ya Asmaa.

Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, alieleza katika kitabu chake Al-Umm kwamba anapendelea majirani na jamaa za maiti wawatengenezee wafiwa chakula cha kuwashibisha kwa mchana na usiku wa siku ile ya kufiwa, na akataja kuwa hiyo ni sunna na ni katika matendo ya watu wema. Na Swahaba Jarir bin Abdallah Al-Bajali ameeleza kwamba wao walikuwa wakihesabu kukusanyika kwa wafiwa na kutengenezwa chakula huko baada ya mazishi kuwa ni sehemu ya maombolezo yaliyokatazwa.

Hatukusudii hapa kufungua mjadala wa khitma na arobaini, kwani hayo yana mahali pake na wanavyuoni wake. Tunalosema ni jambo moja ambalo hatudhani kuna wa kulipinga: mali iliyoachwa na marehemu, baada ya kutolewa gharama za mazishi, kulipwa madeni yake na kutekelezwa wasia wake, ni mali ya warithi. Ikiwa miongoni mwao wamo watoto wadogo, basi sahani tunayoila matangani huenda ikawa ni fungu la yatima, na onyo la kula mali ya yatima kwa dhulma liko wazi katika Suratun Nisaa, aya ya 10. Mtoto mdogo hana uwezo wa kuturuhusu, na mama yake hana haki ya kutugawia kisicho chake.

Wapo watakaouliza: na wageni waliotoka mbali je? Wanavyuoni hawakuwasahau. Ibn Qudama ametaja katika Al-Mughni kwamba kukiwa na haja, kama vile watu waliokuja kutoka vijiji vya mbali wakalala kwa wafiwa, hakuna budi wakirimiwe. Lakini mtaa ukiwa hai, na wao watakula kutoka katika majiko ya mtaa. Nyumba kumi zikipika kila moja sufuria moja, hakuna mgeni atakayelala na njaa na hakuna mjane atakayeamka na deni.

Mlezi wa mayatima

Msaada wa Mtume (SAW) haukuishia kwenye chakula cha siku moja. Amesimulia Abdallah bin Jaafar, ambaye wakati huo alikuwa mtoto mdogo, kwamba Mtume (SAW) aliwaacha jamaa za Jaafar siku tatu, kisha akawajia, akawakataza wasimlilie tena nduguye baada ya siku ile. Akataka aletewe watoto wa nduguye, nao wakaletwa kama vifaranga. Akamwita kinyozi akawanyoa nywele zao. Akasema kuhusu Muhammad kwamba anafanana na babu yake Abu Talib, na kuhusu Abdallah kwamba amefanana naye yeye kwa umbile na tabia. Kisha akaushika mkono wa Abdallah, akauinua, na akaomba mara tatu Allah awe badala ya Jaafar kwa watu wake na ambarikie Abdallah katika biashara yake.

Asmaa akaja akataja uyatima wa wanawe. Ni wazi alikuwa na hofu ile ile iliyo katika kifua cha kila mjane: watakula nini, watasoma wapi, nani atawasimamia. Mtume (SAW) akamuuliza vipi atawachelea ufukara ilhali yeye ndiye walii wao katika dunia na akhera.

Na ahadi hiyo aliitimiza. Imo katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume (SAW) alipokuwa akirudi safarini, watoto wa jamaa zake walikuwa wakipelekwa kumpokea. Siku moja Abdallah alitangulia kufika, Mtume (SAW) akampakia mbele yake. Kisha akaletwa mmoja wa watoto wa Fatma akampakia nyuma yake. Wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja. Mji mzima ukamwona yatima wa Jaafar amepakatwa mbele kama anavyopakatwa mjukuu. Mara nyingine aliwaona watoto hao wamedhoofu miili, akamuuliza mama yao sababu. Asmaa akamjulisha kwamba wanasibiwa haraka na kijicho, naye akamwelekeza awasomee dua za kinga. Huyu ni mlezi aliyeziangalia mbavu za mayatima na akauliza.

Mtume (SAW) aliwapa pia bishara iliyobaki na familia ile milele, kwamba Allah amempa Jaafar mbawa mbili badala ya mikono yake, anaruka nazo Peponi pamoja na Malaika. Abdallah bin Umar alipokuwa akimsalimia mtoto wa Jaafar, alikuwa akimwita mwana wa mwenye mbawa mbili. Huko ndiko kumtaja maiti kwa wema mbele ya mwanawe. Asmaa hakuuona mwili wa mumewe, kwani alizikwa huko huko Muuta. Ndugu zetu waliopotelewa na jamaa zao katika MV Bukoba mwaka 1996 au MV Spice Islander mwaka 2011, ambao wengi hawakuletewa maiti wa kumzika, wanalijua vyema jeraha la namna hiyo. Na bishara ile inawahusu wao kwa maana hii, kwamba maiti asiyeonekana na jamaa zake hajapotea kwa Mola wake.

Mfiwa anageuka mliwazaji

Eda ya Asmaa ilipokwisha alioa­na na Abubakar Siddiq. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wapo katika jamii zetu wanaomnyooshea kidole mjane anayeolewa tena, kana kwamba amemsaliti marehemu. Maswahaba hawakuwa hivyo. Mwishoni mwa mwaka wa 10 Hijria (632), akiwa njiani katika msafara wa Hija ya kuaga, alimzaa Muhammad bin Abi Bakr pale Dhul Hulaifa. Mtume (SAW) akamwelekeza aoge, ajifunge kitambaa na ahirimie, naye akaendelea na safari ya Hija.

Miezi michache baadaye Mtume (SAW) akafariki dunia, na Asmaa alikuwa miongoni mwa wanawake walioshughulika na kumuuguza. Kisha, katika Ramadhani ya mwaka wa 11, Fatma binti ya Mtume (SAW) akafariki pia. Katika maradhi yake, Fatma alimlalamikia Asmaa kuwa hapendezwi na namna maiti ya mwanamke inavyobebwa, imefunikwa nguo tu inayodhihirisha umbo lake. Hapo ndipo ile miaka ya Uhabeshi ilipotoa faida. Asmaa alimweleza jambo aliloliona huko, akaagiza matawi mabichi ya mtende, akayapinda, akatandaza nguo juu yake. Fatma akapendezwa sana na sitara ile, akausia kwamba afanyiwe hivyo, na Asmaa na Ali ndio waoshe mwili wake. Wakatekeleza. Basi kila tunapomwona mwanamke anachukuliwa makaburini katika jeneza lenye sitara iliyoinuka, tukumbuke kwamba ilianza kwa mwanamke aliyefiwa, akakaa kando ya kitanda cha mgonjwa akamsikiliza linalomtia wasiwasi, akalitafutia dawa.

Mwaka wa 13 Hijria (634) Abubakar akafariki. Aliusia kwamba mkewe Asmaa ndiye amuoshe, na imo katika Muwatta ya Imamu Malik kwamba alimuosha, kisha akatoka akawauliza Muhajirina waliokuwepo, naye siku hiyo alikuwa amefunga, kama inamlazimu kuoga. Wakamjibu kwamba hailazimu. Mara ya pili mjane, na mara ya pili watoto wake mayatima. Umar aliposhika ukhalifa na kupanga malipo ya Waislamu kutoka hazina, alimwekea Asmaa dirhamu 1,000 kama alivyowawekea wanawake waliohama mwanzo. Mjane hakuachwa ategemee huruma ya mtu mmoja mmoja. Alikuwa na fungu lake linalojulikana.

Kisha akaolewa na Ali bin Abi Talib, ndugu wa mume wake wa kwanza, akamzalia Yahya. Watoto wa Jaafar na mtoto wa Abubakar wakalelewa katika nyumba moja. Imesimuliwa kwamba siku moja Muhammad bin Jaafar na Muhammad bin Abi Bakr walishindana, kila mmoja akidai kwamba baba yake ni bora. Ali akamtaka mama yao awahukumu. Akahukumu kwamba hakupata kumuona kijana wa Kiarabu aliye bora kuliko Jaafar, wala mtu mzima aliye bora kuliko Abubakar. Ali akatania kwamba basi yeye hakuachiwa kitu. Ndani ya nyumba ile, jina la marehemu halikuwa mwiko. Watoto walijua baba zao walikuwa nani, na mume aliye hai hakuona wivu kwa waliotangulia.

Mtihani wa mwisho

Mtihani mzito zaidi ulimfikia uzeeni. Mwaka wa 38 Hijria (658), katika fitina iliyowagawa Waislamu, mwanawe Muhammad bin Abi Bakr aliuawa Misri, na mwili wake ukachomwa moto. Habari ilipomfikia Asmaa, imepokewa kwamba aliinuka akaenda mahali pake pa kuswalia nyumbani, akaimeza ghadhabu yake, mpaka maziwa yake yakatoka damu.

Tulinganishe siku mbili hizi. Siku ya Jaafar alilia kwa sauti na wanawake wakamzunguka. Siku ya Muhammad alikwenda kwenye msala. Hatusemi kwamba uchungu ulikuwa umepungua, kwani damu ile ni ushahidi wa kutosha kuwa subira si ganzi ya moyo. Bali alikuwa amejua pa kuupeleka uchungu wake. Asmaa ndiye aliyepokea kwamba Mtume (SAW) alimfundisha maneno ya kusema wakati wa dhiki, maneno mafupi ya kukiri kwamba Allah ndiye Mola wake na kwamba hamshirikishi na chochote.

Miaka miwili baadaye, katika Ramadhani ya mwaka wa 40 (661), Ali naye akauawa. Asmaa akafariki baada yake, akiwa ameagana na waume watatu na mtoto. Yule Abdallah aliyeinuliwa mkono na kuombewa baraka ya biashara akawa mfanyabiashara tajiri, na ukarimu wake ulikuwa mkubwa hata akaitwa Bahari ya Ukarimu. Yatima aliyepikiwa na majirani akaja kuwalisha watu.

Tutende nini?

Ndugu zetu, tunayojifunza katika maisha haya hayahitaji mali nyingi. Ukisikia msiba kwa jirani, usisubiri kuulizwa. Peleka chakula kilichokwisha kuiva, na chukua vyombo vyako ukaoshe mwenyewe. Ukienda kuhani, punguza maneno, wala usimuulize mfiwa akusimulie upya jinsi marehemu alivyokata roho. Wanaume wakutane mapema wajue marehemu anadaiwa nini na anadai nini, na mayatima wana fungu gani. Mkono wa pole utolewe mikononi mwa wafiwa, usigeuzwe mchango wa pilau.

Na zaidi ya yote, turudi. Matanga yakianuliwa, viti vikarejeshwa na watu wakatawanyika, hapo ndipo nyumba inapokuwa kimya. Mtume (SAW) alirudi baada ya siku tatu, akarudi tena na tena, akaangalia nywele za watoto, afya yao na riziki yao. Tumpe mtoto wa jirani yetu aliyefiwa nafasi katika safari zetu pamoja na watoto wetu. Tumtaje baba yake kwa wema mbele yake.

Mjane yule tuliyeanza naye, deni lake lililipwa na watu wachache wa msikitini walipopata habari. Lakini lingekuwa jambo jema zaidi kama asingedaiwa kabisa. Mtaa wake ulikuwa na majiko ya kutosha.

Tunamuomba Allah awarehemu marehemu wetu wote, awape subira na malipo mema waliofiwa, awalinde mayatima na wajane wetu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoihuisha sunna hii katika mitaa yetu. Amin.